Ncha ya Waya Kule Gitothua

Vijana wa karakana,

Niliwaachia funguo siku ya Ijumaa, na Jumatatu saa mbili asubuhi simu yangu ikaita: kopo la vibanio vya shaba liko wapi? Liko juu ya kabati, nyuma ya ile redio iliyokufa. Kabla ya kukata simu mkaniambia, "Mzee, andika haya mambo, usiende nayo." Basi naandika. Habari za vyeo sitaandika, maana karakana ya watu sita ina vyeo vingapi? Nitaandika kuhusu ncha za waya wa antena, kwa sababu ndiko kazi yetu inakoumiza watu, na ndiko mimi nilikomuumiza mtu.

Nilianza Thika, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya viwanda, chini ya mzee mmoja tuliyemwita Mzee Gathogo. Alikuwa amejifunza redio za mawasiliano serikalini na alistaafu akiwa na sanduku moja la vyombo na hasira nyingi. Siku yangu ya kwanza hakunipa bisibisi wala koleo. Alinipa taa ndefu ya mrija, ile nyeupe ya dukani, bila waya wowote, akaniambia nitembee nayo chini ya antena iliyokuwa imening'inizwa uani. Yeye akaingia ndani, akashika maikrofoni, akaanza kusoma gazeti kwa sauti. Alikuwa anasoma matangazo ya vifo.

Nilipokuwa katikati ya waya, taa ilikuwa kimya. Nilipokaribia mwisho ikaanza kuwaka mikononi mwangu, ikififia mzee akivuta pumzi na kung'aa akitaja jina la marehemu. Nusura niitupe.

"Imewaka wapi?" akauliza alipotoka.

"Huku mwisho, mzee."

"Na umeshika waya?"

"Sijashika."

"Sasa fikiria ungeshika."

Huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa nadharia yake. Iliyobaki niliipata kwa miaka. Stima ya redio hukimbia kwenye waya, na ikifika ncha haina pa kwenda, inarundikana pale kama maji ya mfereji uliozibwa na majani. Katikati ya waya kuna kazi, mwisho kuna volti. Na waya ukiwa mfupi kuliko unavyotakiwa, tunaukata na kuuwekea koili, yaani waya uliozungushwa kwenye bomba, katikati ya kila mkono ili redio idhani ni mrefu. Redio inadanganyika. Stima haidanganyiki: urefu uliokosekana unalipwa kwa volti kule mwisho. Redio ndogo ya wati mia, ambayo mteja anaidharau kwa sababu haishindi balbu ya zamani, inaweza kuweka volti elfu kadhaa kwenye ncha ya waya mwembamba kuliko kamba ya kiatu.

Tena haikupigi kama stima ya nyumba. Haikutetemeshi, haikurushi. Inakuchoma mahali padogo kama tundu la sindano, nyama inageuka nyeupe, na moto unaenda ndani badala ya kuenea juu. Kidonda chake ni kidogo na uchungu wake ni mwingi, na ukimwonyesha mtu anauliza, "Ni hiki tu?"

Mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku moja. Yeyote anayepanda kushughulikia waya, kwanza anang'oa fyuzi ya redio, anaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hakutaka kusikia habari ya swichi, wala ya "nimemwambia asiguse". Alikuwa ameona mwenzake akishuka ngazi kwa mgongo kwa sababu karani alikumbuka salamu ya kumpigia mtu wa Marsabit. Sheria hiyo niliichukua kama Amri ya Kumi na Moja, na mashati yangu yote mama watoto alikuwa anayanunua yenye mfuko.

Makosa mengine nilifanya kwa kiherehere changu. Katika shamba moja la kahawa kati ya Thika na Ruiru nilifunga ncha za waya kwa kamba ya katani, maana katani ilikuwa tele na nailoni ilikuwa mbali. Kiangazi kizima kazi ikasifiwa. Mvua ndefu ziliponyesha kamba ikalowa, stima ikapata njia, kamba ikaungua polepole kutoka ndani mpaka ikakatika, na karani akiwa katikati ya kuomba mbolea, ncha ikaangukia mti wa kahawa na kuchoma majani yake kwa mviringo mzuri kabisa. Mzee Gathogo hakunigombeza. Alikata kipande cha ile kamba iliyoungua akakitia kwenye sanduku langu, akaniambia kisitoke humo kwa mwaka mmoja. Kila nilipotafuta koleo nilikigusa kwanza.

Vumbi nalo lilinifunza. Kule Witeithie, upande wa machimbo ya mawe, insuleta zetu, vile vigae vya kauri vinavyozuia stima isipite kwenye kamba, vilikuwa vinavaa unga wa mawe. Manyunyu ya Julai yakishuka, ule unga unakuwa uji, na uji unapitisha stima. Ukisimama chini unasikia ssss. Dawa yake ni kitambaa, maji safi na sabuni ya kipande, kila baada ya miezi michache. Tumieni insuleta mbili mfululizo mahali ambapo wengine wanatumia moja. Ncha msiiache imechongoka. Ikunjeni iwe kitanzi, muipake risasi ya kulehemu mpaka iwe laini kama shanga, kwa sababu stima inapenda kuruka mahali penye ncha kali. Koili msiizungushie bomba jeusi la maji. Mimi niliwahi, likayeyuka likaning'inia kama soksi.

Wakati huo mashamba yalikuwa mapana na ncha zetu zilikuwa juu ya kahawa, ambako hakuna mtu ila ndege. Halafu kahawa ikang'olewa. Ruiru yote ikawa ploti, futi hamsini kwa mia, na juu ya ploti ghorofa. Wateja wetu waliobaki, wenye malori ya kwenda kaskazini ambako simu haishiki, walihamia kwenye hizo ploti pamoja na redio zao. Nafasi ikapungua, waya ukafupishwa, koili ikanenepa, na volti za mwisho zikapanda. Na mwisho wa waya sasa haukuwa juu ya kahawa tena. Ulikuwa karibu na dirisha la mtu.

Sasa nifike Gitothua, kule Ruiru. Ofisi moja ya malori ilikuwa na uwanja mdogo kule, na antena yangu ilitoka kwenye mlingoti wao. Ncha moja niliifunga kwa kamba ndefu ya nailoni kwenye mti wa mukima mpakani. Mti ukakatwa, jirani akajenga ghorofa za kupangisha, na kwa ruhusa yake nikahamishia kamba kwenye vyuma vya nguzo alivyoviacha wazi juu ya paa akisubiri ghorofa nyingine. Kamba ilikuwa ndefu, ncha ikabaki mbali na jengo. Nilipiga picha, nikaridhika.

Yapata mwaka mmoja baadaye keateka, yaani mtunzaji wa jengo, kijana mmoja msafi sana, aliona ile kamba imelegea na inaleta aibu. Akaivuta, akaifunga upya ikakaza vizuri. Ncha ikaja mpaka juu ya paa. Na kwa vile wapangaji walikuwa wanalia hawana pa kuanika, akavuta waya wa chuma wa kuanikia nguo kutoka vyuma vilevile. Sikujua lolote kati ya haya.

Ghorofa ya tatu alikaa mama mmoja wa kutoka Bungoma, Mama Nekesa. Mume wake alikuwa bawabu mahali, na yeye alikuwa anafua nguo za watu: shuka, mapazia, sare za shule. Ndiye aliyekuwa wa kwanza juu ya paa kila asubuhi. Akaanza kusema waya wa nguo unamchoma vidole. Kisha shuka za wateja zikaanza kuwa na matundu madogo ya kahawia, pale kitambaa chenye maji kilipogusa waya huku upande mwingine kimegusa ukuta. Mteja anaona tundu la kahawia anafikiria nini? Pasi, au sigara. Mteja wa kwanza akaondoka, wa pili akafuata. Watu wa stima waliitwa, wakaja saa nane mchana na testa yao, wakapima waya na kuta, wakasema hakuna kitu. Ndipo mwenye nyumba akanipigia mimi, kwa sababu ya ile kamba.

Nilikwenda. Niliingia kwanza ofisi ya malori, nikamsalimia Muthoni, msichana aliyekuwa anaongea na madereva kwa redio. Nikang'oa fyuzi, nikaitia mfukoni, nikafunga kifungo. Nikapanda paa. Niliiona ncha iko karibu na waya wa nguo, kama urefu wa mkono. Lakini haikugusa. Nikajiambia, haijagusa. Mimi, mtu niliyekuwa nimeonyeshwa ile taa siku ya kwanza ya kazi.

Nikashika waya wa nguo kwa mkono wangu mtupu, mbele ya Mama Nekesa, keateka na wapangaji kama kumi waliopanda kutazama.

"Mnaona?" nikasema. "Hakuna kitu."

Mama Nekesa akasema, "Fundi, sasa hivi haiko. Inakuanga asubuhi."

"Stima haina asubuhi na jioni, mama."

Nilirudi mara ya pili baada ya wiki mbili, kwa sababu alikuwa ameendelea kulalamika na sasa kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa. Nikafanya vilevile: fyuzi mfukoni, mkono kwenye waya. Watu walikuwa wengi zaidi, ilikuwa Jumamosi. Na hapo nikasema neno ambalo ningelipa chochote nilirudishe. Nilisema, "Labda huyu mama ana stima yake mwenyewe, muangalieni." Watu wakacheka. Keateka akacheka mpaka akashika magoti. Nilipokuwa nashuka ngazi nikamsikia mtoto mmoja akiimba, "Mama Stima, Mama Stima." Na mimi nikatabasamu, kwa sababu mzaha wangu ulikuwa umekubalika.

Mara ya tatu alinipigia yeye mwenyewe. Sijui namba yangu aliipata wapi. Akaniomba nije saa tatu asubuhi kamili, nije peke yangu. Nilikwenda nikiwa nimenuna. Nilipofika juu ya paa, yeye alikuwa amekaa kwenye beseni lililopinduliwa, beseni la nguo likiwa kando. Nguo za kufua zilikuwa zimebaki beseni hilo moja tu.

"Umezima kile kitu cha hapo chini?" akauliza.

"Nimezima. Ndiyo sheria yetu, kabla ya kupanda."

"Na ile siku nyingine?"

"Nilizima."

"Na ile ya kwanza?"

Akaendelea, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Fundi, mimi sijasoma hiyo kazi yenu. Lakini nimekaa hapa nikasikiza. Huyo msichana wa chini akianza kuitana na madereva, waya inauma. Akinyamaza, inanyamaza. Akipiga kelele sana ndio inauma sana. Sasa wewe kila siku unakuja unamfunga mdomo, halafu unashika, halafu unaambia watu mimi ni mwongo."

Nilimwambia vitu haviwi hivyo. Nilisema maneno mengi ya kitaalamu, na hata nilipokuwa nayasema nilikuwa nayasikia yakipungua uzito.

"Sawa," akasema. "Rudisha hiyo kitu yako. Msichana aongee. Halafu wewe shika kama vile mimi nashikanga."

Fyuzi ilikuwa mfukoni. Nilisimama pale nikiwa nimeishika juu ya shati, na sikushuka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Basi nitashika mimi," akasema, "wewe angalia tu. Shuka ukawashe."

"Usishike," nikasema. Ilinitoka kabla sijafikiri, na mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka kumzuia.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akauliza, "Kama hakuna kitu, unanizuilia nini?"

Nilishuka. Nikarudisha fyuzi, nikamwomba Muthoni awaite madereva kama kawaida, nikachukua taa ya mrija kwenye gari na kupanda tena. Nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji nikaisogeza kwenye waya wa nguo bila kuugusa. Chini Muthoni akaanza, "Lori namba nne, lori namba nne, unanipata?" Taa ikawaka mikononi mwangu kwa kila neno. Mama Nekesa aliitazama ikiwaka na kuzima. Alifunua kitambaa akatazama kidole chake, kisha akakifunika tena.

Nilimwomba msamaha hapohapo. Nilimwambia, "Mama, ulikuwa unasema kweli, kosa ni langu." Akasema, "Haya, fundi." Kisha akainuka akabeba beseni lake akashuka, kwa sababu hakukuwa na pa kuanika.

Kabla ya jioni nilikuwa nimeutoa ule waya wa chuma na kuweka kamba ya nailoni ya kuanikia. Wiki hiyohiyo nikaishusha antena yote, nikaifunga upya kwa umbo la paa la nyumba, mlingoti katikati na ncha zote mbili ndani ya uwanja wa malori, juu ya nguzo ndefu ambako mtu hafiki hata akinyoosha fagio. Nikawakataza watu wa malori kufunga kitu kingine chochote kwenye kamba zetu. Mnaona kazi ilivyo safi mpaka leo. Mmeifanyia ukarabati nyinyi wenyewe. Mimi nikahesabu kwamba nimemaliza. Fundi ana ugonjwa huo: akishatengeneza waya anadhani ametengeneza na mambo ya watu.

Mwaka huu, miezi michache kabla ya kustaafu, nilikwenda Kamakis na ndugu yangu kula nyama. Tulipokuwa tunanawa mikono, mpishi akaita kwa sauti kuelekea nyuma, "Mama Stima! Leta sufuria!" Akatoka yeye, na aproni iliyolowa. Alinitambua kabla sijajificha, na nakiri kwamba nilifikiria kujificha.

Nilimfuata kule nyuma kwenye sinki. Tukasalimiana. Aliniambia alihama Gitothua zamani. Wateja wa kufua walikwisha wote; neno lilikuwa limezunguka kwamba anachoma nguo halafu anasingizia stima. Jina likamfuata kupitia mtu mmoja aliyehamia Kamakis pia. Kile kidole hakisikii tena moto wala baridi, kwa hiyo maji ya vyombo anayapima kwa kiwiko. Alinionyesha.

Nikamwambia, "Mama Nekesa, nisamehe." Nilikuwa nalengwalengwa na machozi, mtu mzima, katikati ya sufuria za watu.

"Fundi, mimi nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Hiyo haina shida. Lakini wewe uliniita mwongo juu ya paa, watu wakiwa wengi. Kuniambia nilisema ukweli, uliniambia tukiwa wawili."

Akarudi kwenye vyombo vyake, kwa sababu mpishi alikuwa anaita tena.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Gitothua baada ya kanisa. Nilikuwa nimepanga kusimama pale juu ya paa, au hata ngazini, niwaambie wapangaji. Lakini nyumba za kupangisha mnazijua. Ghorofa ya kwanza wote wageni. Ya pili wageni. Mlango uliokuwa wa Mama Nekesa ulifunguliwa na wanafunzi wawili wa chuo ambao hawakuwahi kumsikia. Keateka yule msafi alikwisha ondoka, yupo mwingine. Alinisikiliza kwa heshima tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ninatafuta bedsitter, chumba kimoja cha kupanga.

Wale waliocheka wametawanyika. Wako Witeithie, wako Juja, wako Kamakis, wengine wamerudi kwao, na kila mmoja ameondoka na lile neno langu kama lilivyo. Sina njia ya kuwakusanya tena kwenye paa moja. Nina nyinyi tu, mnaopanda majengo ya watu kila siku kutoka Thika hadi Ruiru, mnaokutana na wapangaji wa kila aina. Msiifiche karatasi hii. Isomeni kwa sauti mkiwa na wateja, na mkikutana na mtu aliyewahi kupanga katika jengo lile la Gitothua lililo kando ya uwanja wa malori, mpeni aisome, au mumwambie kwa mdomo, jina langu mkilitaja bila kuona haya. Mwambieni kwamba yule mama anaitwa Mama Nekesa. Alisema waya unachoma, na waya ulikuwa unachoma. Mwongo pale juu ya paa nilikuwa mimi.